Mwaka Wafula Alipokuwa Mwanaume

Tumbaku ya shambani haina harufu ile watu wanayoijua kutoka kwa sigara. Ikitundikwa kwenye fito ndani ya banda, moto wa kuni ukiipasha polepole, hutoa harufu tamu ya nyasi kavu na asali iliyoungua kidogo. Kwetu, karibu na Malakisi, harufu hiyo iliingia katika nguo, katika ugali, hata katika nywele zangu zilizosukwa Jumapili. Tulivuna majani kabla ya kwenda shule, na utomvu wake ulitugandisha vidole vikawa vyeusi, hata siku ya kukaguliwa usafi mwalimu alitutazama tu akapita. Nilikuwa darasa la sita na kaka yangu Wafula darasa la saba, na Agosti ile ilikuwa Agosti ya tohara.

Kwetu sisi Wabukusu tohara huja kila baada ya miaka miwili, na kijana ndiye husema mwenyewe kwamba yuko tayari. Wafula alisema. Alizunguka kwa jamaa siku nzima akipiga njuga mikononi, akiwaalika, nami nikimfuata nyuma nikiimba mpaka sauti ikanikauka. Alfajiri walimpaka matope mtoni, akaja akasimama uani bila kupepesa jicho. Mama alipiga vigelegele huku akilia. Mcheza kwao hutunzwa: mjomba alimpa ndama, shangazi akampa blanketi, nami nilijivuna shuleni wiki nzima kana kwamba mimi ndiye niliyesimama.

Kisha wazee wakampa mawaidha, mengine mazuri sana: asiibe, asiingie nyumba ya mke wa mtu, awaheshimu wakubwa. Lakini mjomba aliongeza lake: "Kutoka leo wewe ni mwanaume. Mwanamke asikuamrishe tena." Sidhani alikuwa anafikiria shule. Wafula alilimeza neno hilo lote, bila kutafuna. Alipotoka kumbini, walikotengwa waliotahiriwa, mwezi wa Desemba alijengewa kibanda chake, akawa haketi tena jikoni, na mama akaanza kumpelekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Mimi niliyezoea kumnyang'anya ukoko wa ugali nikawa nampisha njiani. Nilimkosa sana, ingawa alilala hatua ishirini kutoka kwetu.

Januari ilipofika, alipaswa kuingia darasa la nane, afanye mtihani mwisho wa mwaka. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mama mmoja mkali mwenye kiboko, na sare ya shule yetu ilikuwa kaptula.

"Mimi siwezi vaa kaptula tena," Wafula alisema. "Ati mwanaume mzima nichapwe na mwalimu mwanamke? Hapana, bana."

Mama hakumgombeza. Zamani angemrukia na mwiko, lakini sasa alisimama nje ya kibanda, mikono kifuani, akimwomba. "Wafula, baba, si ni mwaka mmoja tu? Maliza tu hii ya nane, halafu ukae unavyotaka." Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mahindi huko Kitale, na hakuwa anarudi mpaka mwisho wa mwezi. Usiku mama aliishusha pindo ile kaptula ili iwe ndefu kidogo, akaipiga pasi ya makaa. Jumatatu, kwa ajili yake tu, Wafula aliivaa akaenda.

Hapa ndipo kumbukumbu hii inaponichoma. Alipoingia uwanjani, miguu yake mirefu imetoka nje ya kitambaa kilichokunjuliwa, wasichana wa darasa langu walicheka. Nami nikacheka. Sikutaka waone kwamba ninaona haya kwa ajili yake, basi nikacheka kuliko wote. Akanitazama mara moja, akageuka, akarudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida kabisa. Kesho yake alikuwa bandani akipanga majani ya tumbaku. Mwalimu wake aliniuliza, nikajibu, "Amekataa." Mama akasema, "Simwezi tena, huyo si mtoto." Baba aliporudi alimkuta tayari ni kibarua wa jirani, akatikisa kichwa, akasema mwanaume ameshaamua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo mimi ni mwalimu hapa Kitale. Wavulana wetu huvaa suruali ndefu, na wengi hutahiriwa hospitalini wakati wa likizo, wakarudi darasani kidonda kimepona. Nilidhani hayo yangetosha. Lakini kila Januari nikiita majina, wasichana huitikia mmoja baada ya mwingine, kisha naanza kuita jina la mvulana mara mbili, mara tatu. Mmoja yuko kwenye bodaboda, mwingine anabeba magunia ya mahindi. Nikiwauliza wazazi, hunijibu kwa maneno yale yale ya mama yangu, tena kwa fahari kidogo.

Desemba iliyopita nilikwenda Malakisi. Wafula sasa ana mvi na wajukuu wawili. Majuto ni mjukuu, na yangu yalikuwa yamenichosha kuyabeba, kwa hiyo tulipokuwa tukimenya njugu nje ya nyumba yake nilimwambia: kaka, nisamehe, uliacha shule kwa sababu nilikucheka.

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la ajabu. "Wewe Nasimiyu? Si hata mimi ningecheka! Nilikuwa nakaa kama korongo." Akacheka kweli, hadi machozi. Kisha akaendelea kumenya.

"Nilikaa pale bandani wiki mbili nikingoja," akasema. "Nilijua mama atakuja na mwiko. Ama baba atoke Kitale anishike sikio. Ama hata yule mwalimu mwenyewe. Nilikuwa nimepanga nikatae mara moja tu, halafu niende. Hakuna mtu alikuja."

Wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne, na sisi sote tulikuwa tunamheshimu.