Koti Lililokosa Mkono wa Kulia

Karibu mwaka mzima nilimwamkia mwanamume ambaye hakuwa mume wa mtu yeyote pale dukani. Nalisema mapema, maana wanangu wakifika hapo hucheka mpaka wanashindwa kusikiliza yanayofuata.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Foleni za sabuni zimekwisha, mitumba inashuka Makambako kwa marobota. Nilitoka kijijini, upande wa Njombe, nikaja mjini hapo kujifunza ushonaji kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, mwenye duka la vitambaa na vyerehani vitatu. Baba alinipa sharti kabla sijapanda basi: "Tukivuna mahindi nitakuja. Nikikuta unaitwa fundi, utabaki. Nikikuta bado unafagia vipande, tunarudi wote."

Kurudi nilijua maana yake. Kulikuwa na mgane mmoja wa Makete, mkulima wa viazi, alishatuma mshenga. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini alilingana na baba kwa umri, na viazi mimi nilikuwa nimeshavilima vya kutosha.

Ukutani, juu ya meza ya kukatia, palikuwa na picha ya mwanamume wa Kihindi mwenye kilemba, amekunja mikono kifuani, macho makubwa hayana hofu. Kila asubuhi mama aliiwekea ua, akasimama kidogo, midomo ikimcheza. Nikajua basi, ndiye marehemu mumewe. Kwetu huingii nyumba ya mtu ukampita mwenye nyumba kimya, nami nikaona aliyefariki naye hajaacha kuwa mwenye nyumba. Kwa hiyo kila asubuhi nilipiga goti kidogo, nikamwamkia Kibena: "Kamwene, baba." Mama alinitazama, akatabasamu, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Alikuwa mpole, ila jambo moja kwangu lilimkera: mkasi. Kushona nilishona vizuri. Kukata, loo! Nikishika mkasi tu mkono unatetemeka, na asiyekata si fundi, ni msaidizi. Alinifundisha kwamba mikono ya koti hukatwa pamoja. Unakunja kitambaa uso kwa uso, unaweka karatasi ya kipimo juu, unakata mara moja, inatoka wa kulia na wa kushoto. Ningeweza kulisema hilo usingizini. Kulifanya ndiyo ilikuwa kazi.

Vipande vilivyobaki havikutupwa. Kila Alhamisi tulivishona viguo vya watoto wachanga, naye akavipeleka hospitali ya misheni kule Ilembula, kwa akina mama waliojifungua hawana kitu. Siku moja nilimuuliza tunahangaika vya nini. Alinionyesha kikapu cha vipande, akasema dini yake yote imo mle ndani.

Mwezi mmoja kabla ya mavuno, mzee mmoja mfanyabiashara wa maharage, Mwislamu aliyehamia kutoka pwani, alileta kitambaa cha koti la kuvaa juu ya kanzu siku ya Idi. Kijivu chenye mistari, mwisho wa jora, hakipatikani tena. Mama akanikabidhi. "Hili ni lako, tangu kukata mpaka kifungo." Halafu akaenda Njombe kutwa nzima. Nadhani alifanya makusudi.

Mbele na mgongo nilikata salama, jasho likinitoka na baridi yote ile. Ikafika mikono. Nikajiambia, nikikunja nikakosea nitaharibu yote miwili. Heri nikate mmoja mmoja. Nikaweka karatasi, nikakata. Nikaweka tena vilevile, nikakata. Nilipoilaza mezani pamoja, nikaigeuza huku na huku, wapi! Yote miwili ilikuwa ya kushoto. Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata mfuko.

Unajua nilifanya nini? Niliifukia kwenye kikapu cha vipande vya watoto, chini kabisa. Aibu ile naisikia mpaka leo. Asubuhi yake niliingia nimeinamisha kichwa, nikashika ufagio.

"Leo humwamkii?" mama akauliza.

Nikaangua kilio. "Nitamwamkiaje, mama? Nimeharibu kazi nyumbani kwake, na nimeficha. Mumeo ameniona!"

"Mume wangu?"

Alicheka mpaka akashikilia meza. Mumewe, akasema, alikuwa mfupi, mnene, kipara kitupu, na hakuwahi kukunja mikono kwa sababu daima ilikuwa na andazi. Huyu alikuwa mtawa wa dini yao, mwalimu, aliyekufa zamani huko India.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulimwamkia vizuri kuliko mimi. Nikukataze ya nini?"

Akafuta macho kwa upindo wa sari, akaketi karibu yangu. Akaniambia mafundisho ya yule mtawa kama alivyofundishwa utotoni na baba yake: Mungu hakai mbali, amekaa ndani ya kila mtu, anayejidharau anamdharau Yeye, na anayemvika mtoto wa maskini amemvika Yeye. Mimi Mlutheri wa kubatizwa na kipaimara nilitafuta pa kubisha, sikupaona.

"Kukata unajua," akasema. "Umekosea kwa sababu ulijiona ni mtu wa kukosea. Hilo limekwisha, mwanangu. La kuficha bado. Mzee akija utamwambia wewe. Mimi sifungui mdomo."

Na hakufungua. Mzee alikuja saa nne. Nikampa shikamoo, nikaiweka mikono ile mezani. "Mzee, nimekata yote ya kushoto. Niliogopa. Kosa ni langu, mama hahusiki."

Alifoka! "Kwani mimi nina mikono mingapi ya kushoto, wewe binti?" Wapita njia wakasimama. Nikamtazama mama, anapanga vifungo. Nikaitazama picha, hainipi msaada wowote. Ndipo nikaisikia sauti yangu mwenyewe: "Mzee, nikushonee kizibao. Hakina mikono."

"Na hicho nacho ukikiharibu?"

Majibu ya unyenyekevu nilikuwa nayo tele. Hayakutoka. "Sikiharibu," nikasema. Nikakunja mbele na mgongo, nikashika mkasi, nikakata upya makwapa yote mawili mara moja, mbele ya macho yake. Mkono ulitulia.

Siku ya Idi alipita baada ya swala, kizibao juu ya kanzu, upepo wa Makambako unampiga. "Baridi itaniua," akalalamika, "ila kila mtu ananiuliza nimeshona wapi." Alhamisi iliyofuata mikono miwili ya kushoto iligeuka vikoti viwili vya watoto. Mama aliendelea kuniita binti, nami sikuthubutu kuuliza lini nitaitwa fundi.

Mahindi yakavunwa. Siku hiyo nilikuwa nimeupa mlango mgongo, mkasi uko katikati ya kitambaa, nikasikia hodi ya baba.

"Nimemfuata binti yangu," akasema.

"Binti?" mama akajibu. "Hapa yupo fundi, na fundi akikata hakatizwi. Kaa, baba, umsubiri."

Sikugeuka. Machozi yalikuwa yananitoka, nami nilitaka kuiona mistari. Nilimsikia baba akipiga hatua mbili ndani, kisha akaiamkia picha ukutani, taratibu, kwa adabu zote: "Kamwene." Halafu benchi likalia. Baba yangu alikuwa amekaa, ananisubiri.