Kabati Lilipopasuka Mbele ya Wakwe

Kabati lilipiga mlio kama bunduki, saa kumi alasiri, mbele ya wakwe kumi na wanane. Mwenye nyumba, Si Mfaddal, akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu! Huyu mwanamke ameliroga!"

Jamani. Kabati linarogwaje?

Ngoja niwape mwanzo wake.

Naitwa Yamna. Kwetu ni Swira, mji wa baharini, ila miaka minne nilifanya kazi Marrakesh kwenye nyumba ya Si Mfaddal, yaani Bwana Mfaddal, mkaguzi wa shule mstaafu. Mtu wa mbwembwe yule! Akikohoa tu, anataka umwandikie.

Ukumbini kwake kulikuwa na kabati la vioo la mbao ya arari, ule mti wa kwetu unaonukia hata miaka mingapi ipite. Milango miwili, rafu nne, nakshi za mbao ya mlimau zilizopachikwa pembeni kama zimechorwa kwa sindano. Ndani alipanga majambia kumi na moja ya fedha.

"Ya marehemu babu haya," aliwaambia wageni. "Alipewa na pasha."

Pasha yupi, liwali wa wapi? Kila mwezi alikuwa na jina jipya.

Kazi yangu ilikuwa kulitunza kabati. Vumbi nalitoa kwa brashi laini. Nta ya nyuki kidogo tu, nafuta kwa flana nikifuata mistari ya mbao. Pazia nalishusha jua likigeukia dirishani. Na rafu ya chini naweka kikombe cha maji, maana mbao iliyokulia hewa ya bahari, ukiileta kwenye ukavu wa Marrakesh, inajikunja.

Aliyenielekeza yote hayo ni mke wake, Lalla Rqia, yaani Bibi Rqia. Mama mpole, maneno yake ya kuhesabu. Si Mfaddal alikuwa anamwita "binti wa vumbi la mbao" mbele za watu, halafu anacheka peke yake.

Mimi nilidhani ni utani tu wa mume asiyejua kutania.

Basi binti yao Ghizlan akapata mchumba. Wakwe wanatoka Swira, wanakuja rasmi Alhamisi. Si Mfaddal akapagawa. Akamwita mtaalamu wa samani kutoka Kasablanka, jina lake Munir, glavu nyeupe, manukato yanatangulia mlangoni.

Akafungua kabati, akatoa kikombe changu kwa vidole viwili.

"Hiki cha nini? Mnamnywesha nani humu?"

Si Mfaddal akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ni mbao, bwana," nikasema. "Ikikauka itapasuka."

"Mama, wewe shika fagio. Hii ni taaluma."

Sawa. Taaluma ikalipaka kabati vanishi inayong'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kunyolewa. Taaluma ikafunga taa sita kali ndani, kila moja inachoma kama jiko. Taaluma ikasema pazia lisishushwe tena, na kiyoyozi kipulize hapohapo mchana kutwa, vanishi ikauke.

Siku ya kwanza nikagusa ubao wa pembeni. Wa moto.

Siku ya pili nikasikia kitu kinalialia, kri, kri.

Lalla Rqia alikuwa kwa dada yake akishona nguo za Ghizlan. Simu ninayo, namba ninayo. Sikumpigia.

Nikajisemea, acha Munir apate. Acha aumbuke na glavu zake.

Alhamisi wakwe wakaingia. Chai ya nanaa, vitumbua vya lozi, vigelegele. Lalla Rqia akarudi moja kwa moja jikoni, hata ukumbini hakupita. Si Mfaddal akasimama kando ya kabati, kifua mbele, anamweleza baba wa bwana harusi, Haji Bihi, habari za pasha.

Ndipo likalia. PAA!

Ubao wa pembeni ukapasuka juu mpaka chini. Rafu ikachomoka, mlango ukafunguka wenyewe, na jambia kubwa kuliko yote likaanguka kwenye vigae.

Ala yake ikaachia kwenye mshono.

Ndani, ile fedha ya pasha ilikuwa bati. Bati la kopo la sadini. Samaki amechorwa, anacheka, na bei juu yake.

Halafu mtoto mmoja akauliza, "Baba, pasha alikuwa anauza samaki?"

Hapo ndipo Si Mfaddal akanigeukia mimi. Nimeroga. Nimemwaga maji. Niondoke leo leo.

Haji Bihi wala hakuliangalia jambia. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya rafu, akapapasa.

"Muhuri wa Maalim Ouhmad, fundi seremala wa Swira," akasema. "Nimekua nje ya karakana yake. Nani amelipika kwa taa kabati hili?"

"Lilinunuliwa na babu yangu, toka ikulu..." Si Mfaddal akaanza.

"Ni la babu yangu mimi."

Alikuwa Lalla Rqia, mlangoni, sinia mkononi.

"Maalim Ouhmad ni babu yangu. Alinitengenezea nikiwa na miaka tisa. Haya majambia mume wangu aliyanunua gulioni, moja moja. Yamna hana kosa. Yamna ndiye pekee aliyelitunza."

Miaka minne sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Haji Bihi akasimama, akapangusa magoti. "Sisi tulikuja kuomba binti. Sasa tunaomba na kabati lirudi kwao."

Harusi ilifungwa. Kabati lilikwenda Swira na Ghizlan, limefungwa mablanketi, na Lalla Rqia akapanda gari hilohilo, mimi pembeni yake. Mpaka leo hajarudi. Majambia yamebaki Marrakesh kwenye boksi la viatu, na mwenyewe anayalinda.

Nimecheka sana, sikatai. Lakini ufa uko palepale. Fundi wa Swira ameuziba kwa gundi na subira, ila ukipitisha kidole unausikia.

Lalla Rqia amenipa mimi kazi ya kuutunza ufa huo, na hajui kwamba siku mbili nzima nilijua mbao inaumia nikanyamaza, kwa sababu tu nilitaka kumwona mjinga akiaibika.

Basi chukueni hili kutoka kwangu: ukimdharau mtu mpaka ukaacha kazi yako iharibike ili yeye aumbuke, jua wajinga mko wawili.