Mboga Isiyo na Mwenyewe

Mulumba alikuwa mutu wa Pweto, ng'ambo ile ya ziwa, na huku Nchelenge, inchi ya wengine, aliishi kwa karatasi za ruhusa. Kazi yake, mwaka ule wa 1974, ilikuwa kubeba pompe mugongoni na kupiga dawa ya kuua majani katika shamba moja kubwa la kando ya barabara. Mutu mupole, mucheshi, lakini ukimupa jembe, mugongo unamuuma hata kabla ya kuinama. Basi siku moja akaiba dawa kidogo katika chupa, akaileta nyumbani, akapulizia majani yote yaliyoota katikati ya mihogo yake. Akajiona mwenye akili kuliko jirani wote.

Wanaume ni vile. Mwanaume anaona majani, mwanamuke anaona mboga. Katika majani yale lengalenga ilikuwa tele, na pande zile lengalenga iliyoota yenyewe haina mwenyewe: mama yeyote anaingia na kikapu chake, anachuma, anapita zake, wala haombi. Mulumba alilijua hilo. Kila musimu wa mvua aliwaona wakipita. Siku ile hakulifikiri tu.

Kesho yake asubuhi jirani yake mama Eness, mujane, alikuwa amekwisha kuchuma kikapu kizima, majani yangali mabichi. Mutoto wake wa kiume alikuwa mbali, kule Mufulira kwenye migodi. Nyumbani alibaki na muke wa mutoto huyo, Beauty. Beauty akapika lengalenga na karanga. Mwenyewe hakula wala hakuonja, sababu alikuwa na mimba changa na harufu ya mboga ilimutapisha. Mama Eness akala peke yake na bukari, ndiyo ugali, akamaliza.

Kabla jua halijashuka tumbo likamukamata. Akatapika, akaharisha, midomo ikamutoka vidonda. Mulumba alipokwenda kumupa pole, akamuuliza Beauty mama amekula nini.

"Lengalenga tu, baba Mulumba. Ya kwako pale kwa mihogo."

Mulumba akaaga upesi. Akaenda kiliniki kwa munganga Kafula, akauliza kwa kuzunguka zunguka: dawa ya kuua majani ikiingia katika chakula, inafanya nini?

"Inaweza kuchoma kinywa na matumbo," Kafula akasema. "Inaweza pia kuwa maji mabaya, mimi sina kipimo. Lakini nani atapulizia mboga dawa?"

Mulumba alishika lile neno "inaweza" kwa mikono miwili. Akisema kweli, kazi imekwisha, karatasi zimekwisha, na yeye na muke wake Colette watarudishwa ng'ambo. Akajiambia, atapona tu. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu alificha hata maradhi ya mwenzake.

Juma la pili lilifika na mama Eness angali anaishi kwa uji. Wamama wa kanisa wakaja kumuona, na Mulumba alikuwa pale, ameikaa kwenye kiti.

"Beauty hakuonja," mama Eness akawaambia. "Mupishi asiyeonja chungu chake anajua alichotia."

Mulumba akatazama vidole vya miguu yake. Neno moja lingetosha, na hakulitoa. Beauty akafunga vitu vyake kurudi kwa mama yake, kisiwani Chisenga, na Mulumba ndiye aliyemubebea muzigo mpaka kwenye mitumbwi.

"Aksanti, baba," Beauty akamuambia. "Wewe peke yako haukunizania mubaya."

Heri angemupiga kofi. Tangu siku ile Mulumba alirudisha sahani ya bukari bila kuimaliza, Colette akadhani naye ameshikwa na ugonjwa ule. Siku ya kumi na moja tangu Beauty aondoke, akashindwa. Akaenda kwa mama Eness, akapiga magoti, akasema yote, hata habari ya ile chupa.

Mama Eness akatazama kile kiti.

"Siku ile nilipomusema Beauty, ulikuwa umeikaa hapa."

"Nilikuwa, mama."

"Dawa ilinichoma tumbo. Lakini mutoto wa watu nilimufukuza kwa kinywa changu, na wewe uliniacha niseme. Enda umulete."

Kule Chisenga Mulumba alimukuta Beauty akigeuza samaki juu ya tanda za kukaushia, tumbo limeanza kuonekana. Akamueleza. Beauty hakuacha kugeuza samaki.

"Umuambie mama nimemusamehe," akasema. "Lakini kurudi, hapana. Kesho tumbo likimuuma tena, atatazama mikono ya nani? Mutoto wangu nitamuzaa hapa."

Mutumbwi uliporudi Nchelenge, mama Eness alikuwa tayari kwenye kivuko. Alisimama kwa fimbo, amevaa kitenge chake cha kanisa. Akatazama ndani ya mutumbwi, akatazama tena nyuma ya magunia. Mulumba akashuka peke yake.