Hongo ya Waya

Juma lililopita nilikuwa bomani hapa Dodoma nikingojea cheti cha safari, askari walipomleta mama mmoja wa Kigogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa waya wa telegrafu kutoka kifundo hadi kiwiko, waya uliosuguliwa kwa mchanga mpaka ukang'aa.

Mjerumani mwenye kuamua kesi akamuuliza kwa nini ameiba waya wa serikali, waya unaopeleka habari pwani, zikazama baharini, zikaibukia Ulaya.

Mama akajibu kwa Kigogo, ambacho nakielewa, taratibu, akiugeuza mkono ili sote tuuone. "Sikuiba. Kila msafara uliopita kwetu ulitoa hongo ya njia, nguo au waya, ndipo ukanywa maji. Waya huu umepita shambani kwangu bila hata hodi. Nimechukua hongo yangu."

Mkalimani akamgeukia Mjerumani na kusema kwa Kiswahili, "Anaomba radhi, Bwana."

Mama akaipiga meza kwa mkono ule ule, kidau cha wino kikaruka.

"Siombi radhi!" Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. "Maneno yangu yamepotea hapa, kati ya mdomo wa huyu na sikio lako. Hayo ya Ulaya yanafika vipi?"

Wakamfunga.

Safu hii ya gazeti imeusifu waya ule zaidi ya mara moja. Leo nimeandika maneno ya mama yule kama alivyoyasema. Anayetaka kuyapunguza akayapunguze mbele yake.