Siku Mukiri Alipofunga Miraa Polepole

Hapa Muthara, Tigania, hakuna mwanamke anayefunga miraa haraka kama Mukiri. Hiyo kazi naijua mwenyewe, na sipendi kumsifu mtu bure. Vijiti anavipima kwa kidole gumba, anavizungushia kamba ya mgomba mara mbili, jani juu, kwisha. Miraa hutafunwa mbichi, ikishakatwa asubuhi haingoji mtu. Ikifika siku ya tatu ni kuni.

Mimi na yeye tulibatizwa siku moja. Mumewe alipofariki alimwachia shamba na wavulana wawili. Gikunda, yule mkubwa, akaandikwa jeshini. Kithinji akawa dereva wa kupeleka miraa Mandera, mwisho kabisa wa Kenya, ambako ukitembea kidogo umeingia Somalia.

Mwaka wa 2011 askari wetu walipovuka mpaka, watu walishangilia hapa sokoni. Mzee mmoja akasema kufikia Krismasi magaidi watakuwa wamekwisha. Mimi sikuamini. Wakati wa vita vya Shifta, huko huko kaskazini miaka ya sitini, nilikuwa darasa la nne, na tuliambiwa hivyo hivyo. Miaka mingi baadaye, magari yaliyopita Isiolo kwenda kaskazini bado yalikuwa yakingojana ili yasindikizwe na bunduki. Lakini nani huuliza mwanamke wa darasa la saba mambo ya vita.

Barabara ya Kithinji ikabadilika. Mabomu yakaanza kuzikwa mchangani. Kwa hiyo polisi wakaweka mpango: kuanzia Wajir, mji wa njiani, magari yaende pamoja asubuhi, askari wakiwa mbele. Kizuizi cha hapo kikawa kinafungwa saa kumi na mbili jioni. Ukikipita mapema, unaendelea peke yako. Ukichelewa, unalala, unasindikizwa kesho yake.

Kithinji hakupenda kusindikizwa. "Bomu linamtafuta polisi," alikuwa akisema. "Mimi linanitakia nini?"

Pasaka ya mwaka jana Gikunda alipata likizo. Tulikuwa kwa Mukiri tunakula, na hao ndugu wawili, watu wazima wenye watoto sekondari, wakaanza.

"Unaendesha kama mtu aliyechoka kuishi," Gikunda akasema. "Ngojea polisi."

"Ofisa amesema."

"Sicheki."

"Kabla hamjaenda kule kuwachokoza, nilikuwa nalala Mandera kwa rafiki yangu Abdi, na viatu naviacha nje ya mlango."

"Viatu vyako hata mwizi angevionea huruma."

Tulicheka, isipokuwa Mukiri.

"Tusingeenda wangefika hadi hapa kwetu, soko la Gakoromone," Gikunda akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimeingia nyumba walimokuwa wakitengenezea mabomu. Nimeona ramani za miji yetu ukutani. Wewe umeona nini?"

"Nimeona walimu watatu wa hapa Tigania wakirudishwa ndani ya masanduku. Walikufa Kenya, si Somalia. Na ni baada ya nyinyi kwenda."

Nimelifikiria jambo hilo sana, na bado naona wote wawili walisema kweli.

Alipokuwa akiondoka, Gikunda alimshika mama yake mkono. "Mama, asipite Wajir peke yake."

Mukiri hakumwambia Kithinji neno. Yule haambiwi. Alitumia kile alichokuwa nacho, mikono yake.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa wanawake sita tukifunga, na gari lilitakiwa kuondoka saa tano ili lipite Wajir kabla kizuizi hakijafungwa. Nikamwona Mukiri anafungua kifurushi alichokwisha kufunga.

"Kimelegea," akasema.

Hakikuwa kimelegea. Akakifunga, akafungua kingine. Halafu majani yakawa mabaya, yamechanika, mtu aende shambani akate mengine. Saa tano ikapita. Kithinji alikuwa akizunguka gari.

"Mama, leo unafunga miraa ama unasuka kiondo?"

"Ukitaka haraka, njoo ufunge wewe."

Wenzetu wakacheka. Mukiri akanitazama, nikaelewa. Na mimi nikapunguza mikono. Gari liliondoka saa sita na nusu.

Jumamosi saa nne redio ikasema gari la polisi lililokuwa likisindikiza magari limekanyaga bomu mbele ya Wajir. Askari wanne wamekufa. Habari za raia hawakutoa. Nilimkuta Mukiri amekaa na simu mapajani. Ya Kithinji haikuwa ikipatikana.

"Ni mimi," akasema.

"Nyamaza."

"Angepita jana angekuwa Mandera sasa hivi."

Simu ikalia. Alikuwa Gikunda, kutoka Somalia, na yeye amesikia. Mukiri alishika simu mbali na sikio kama kaa la moto, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, aliwangojea polisi?"

"Aliwangojea."

Gikunda akasema atapiga tena, laini ikakatika.

Tulikaa hivyo, bila kula. Saa kumi jioni Kithinji akapiga kwa simu ya mtu mwingine, akipiga kelele kwa sababu hakuwa akiisikia sauti yake mwenyewe. Gari lake lilikuwa la tatu. Vioo vyote vimevunjika, na sikio la kushoto limekufa.

Alirudi Jumanne. Mukiri akamwekea uji, akakaa upande wa sikio zima.

"Ile Ijumaa nilikuchelewesha makusudi."

Kithinji aliendelea kunywa. Akaweka kikombe chini.

"Nilijua, Mama. Hujawahi kufunga kifurushi mara mbili tangu nizaliwe."

"Na ukaenda tu?"

"Ningesema nini? Labda bomu ningelikanyaga mimi usiku, peke yangu. Sijui. Hata Gikunda hajui, na yeye ana darubini."

Wiki tatu baadaye, vioo vikiwa vipya, alituambia anarudi barabarani. Mukiri akamuuliza kama atangojea askari. Akasema ataona akifika.

Siku hiyo Mukiri alifunga kama zamani, hata sisi tukashindwa kumfuata. Kufikia saa nne na nusu magunia yote yalikuwa ndani ya gari. Lakini Kithinji hakuwasha. Alisimama kando ya mlango uliofunguliwa, akitazama saa ya mkono, kisha barabara, kisha saa tena. Ikafika saa tano.

Mukiri hakumwambia nenda, wala hakumwambia kaa. Alivuta jani lingine la mgomba, akalilaza mapajani, akaanza kulinyoosha, ingawa hakikuwa kimebaki kijiti hata kimoja cha kufunga.