Mahali Samaki Wanazalia

Siku watu wa kulinda ziwa walileta ramani yao kwa mkutano, mimi na mum tulifika mapema tukakaa mbele kabisa. Mum huuza samaki kwa bichi yetu, pale maboti ya kuvua hufika, hapa upande wa Ndabibi. Ananunua kwa maboti asubuhi, anakaanga hapo hapo, na hiyo karai ndio imenisomesha mpaka form four. Nilitaka tu kuona kama bichi yetu iko kwa hiyo ramani.

Kwanza tukaombewa. Halafu wageni wakasalimia, kila mmoja na makofi yake. Jua ikapanda. Nilikuwa nimechoka hata kabla hawajafungua hiyo ramani.

Bluu ilikuwa ya maboti ya watalii, njano ya kuvua. Nyekundu ni mahali samaki wanazalia, na hapo hakuna boti itaingia. Bichi yetu walikuwa wameichora pale ilikuwa zamani, kabla maji ipande. Siku hizi pale ni matete na viboko. Hii yenye tulihamia, baada ya kibanda cha mum kumezwa na maji, ilikuwa ndani ya nyekundu.

Nikamnong'onezea mum. Akasema ningoje, watauliza maswali.

Nikainua mkono. Mwenye kuongoza mkutano akasema vijana wawe na subira, maswali ni mwisho. Soda zikaanza kugawanywa. Ndio akauliza watu kama wanataka ziwa ilindwe ama iharibike. Wenye wanataka ilindwe wainue mikono.

Mikono yote ikaenda juu. Ya mum pia, soda kwa ile ingine.

"Mum, unafanya nini?"

"Sasa nikatae ziwa ilindwe? Nitauza nini?"

Mwenye kuongoza akatangaza tumekubali wote. Tukaombewa tena, na maswali ikaishia hapo. Nilimfuata mpaka kwa gari.

"Boss, hii ramani ni ya kitambo."

"Kijana, maoni tumeshachukua."

Sasa wameweka mitungi nyekundu zinaelea majini, boti isipite. Maboti zilihamia ng'ambo, na huko kuna wamama wao wa kununua samaki, hawataki mgeni. Mum bado anaamka saa ile ile. Anafagia, anakaa mlangoni, anaangalia maji.

Jana nilimuuliza kama anajuta kuinua ule mkono. Akasema ni ukweli samaki wanazalia hapo, asubuhi anawaona wakiruka.

Karai ameigeuza, iko chini ya kitanda.