Sufuria Zilizokombwa

Kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa gari la moshi, mwanaume mwenye mtoto hakuwa anamaliza chakula. Hata akirudi na njaa ya kushika vyuma tangu asubuhi, mkono wake ulikuwa unasimama kabla ya kufika chini ya sufuria. Kilichobaki kilikuwa sehemu ya mtoto wa mwisho: kipande cha samaki, mchuzi kidogo, tonge moja au mbili za bukari, ugali wetu. Mtoto alikuwa anajua. Anasubiri karibu na mlango, haombi. Na sufuria haioshwi mpaka mtoto amekula. Mwanaume wa kukomba sufuria mpaka chini ing'ae ni mwanaume asiye na mtoto, au ni mwenye kumkana mtoto wake. Wanaume wa namna hiyo tulikuwa tunawacheka kwenye bomba la maji.

Ninaeleza hivyo kwanza kwa sababu asiyejua hilo hataelewa namna nilivyojua kwamba mume wangu amekufa.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Kalemie ilikuwa bado inaitwa kwa jina la mfalme wa Wazungu. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu, na serikali tulikuwa tumekwisha kuona za kila namna. Katikati ya mwaka waasi wakaingia mjini, wakakaa. Kiangazi kilipokwisha jeshi likarudi pamoja na Wazungu wa kukodiwa, waasi wakakimbia. Sisi tulisimama kando ya barabara tukapiga makofi. Sitaficha hilo. Waasi walikuwa wametuulia watu, tukafikiri yaliyokuja ni mazuri.

Jeshi likaleta mkubwa mpya wa mji, mtu wa mbali. Akaweka biro, yaani ofisi yake, juu ya kilima, katika nyumba ya Mzungu aliyekimbia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta nani alifanya kazi wakati wa waasi. Sasa mtu atafanya nini wakati wa waasi kama si kazi yake? Mume wangu alikuwa anaunganisha mabehewa pale stesheni. Wazungu wakiwako, anaunganisha. Waasi wakija na bunduki, anaunganisha. Hakujua kazi nyingine.

Siku waliyomkamata nilikuwa nimemletea chakula cha saa sita. Askari alimuuliza, "Ni wewe ulisukuma mabehewa ya waasi?"

Mume wangu akasema, "Nilisukuma mabehewa ya gari la moshi. Sikuona jina la mutu juu yake."

Alikuwa mtu wa mzaha. Askari akampiga kofi, kofia yake ikaanguka kwenye reli. Niliokota kofia. Yeye wakampandisha kwenye kamyo, lori la jeshi, pamoja na wengine, na akaniambia kwa juu, "Mama, kesho usitie chumvi nyingi." Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwa kinywa chake.

Gereza halikuwa linalisha mtu. Kila familia inapeleka chakula chake. Saa sita wanawake tulikuwa tunasimama kwenye mlango, kila mmoja na sufuria yake imefungwa katika kitambaa, na alama yake ili zisichanganyike. Yangu ilikuwa na uzi mwekundu kwenye mkono wa kifuniko. Mlangoni alikuwapo askari kijana wa upande wa mto mkubwa, anayesema Kilingala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Anapokea sufuria, anazipeleka ndani, sisi tunangoja juani. Kisha anazirudisha.

Siku za kwanza zilirudi kama zinavyotakiwa kurudi. Tukiwa njiani, kila mwanamke anafungua kuona ameachiwa nini.

"Wangu ameniachia mufupa," alisema jirani yangu. Alikuwa Mubembe, muuza samaki, ametoka kaskazini ya ziwa. Mume wake alikuwa mvuvi, walimfunga kwa kusema alivusha waasi na mtumbwi. "Hata ndani ya gereza bado ni bahili."

"Mushukuru, yaya," nilimjibu, kama dada yangu mkubwa. "Wako alikuwa hivyo tangu zamani."

Tulikuwa tunacheka. Mtu akisikia leo kwamba wanawake wa wafungwa walikuwa wanacheka njiani atashangaa. Tulicheka kwa sababu mfupa ule ulikuwa umeshikwa na mkono wa mtu mzima.

Nyumbani binti yetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Ananisubiri mlangoni. "Papa ameniachia?" Ninamwambia, "Amekuachia," naye anakaa chini na sufuria katikati ya miguu. Siku moja Papa yake alimwachia kichwa kizima cha mgebuka, kwa sababu mtoto alikuwa anapenda macho ya samaki. Nilijua aliacha kula mwenyewe.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, usiku kucha. Kesho yake sufuria yangu ilirudi imekombwa. Katika mafuta ya chini ulikuwa unaona njia za vidole.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kirungu aliposikia mtoto wake amefungwa. Alichukua sufuria ile, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mutoto wangu hawezi kukomba sufuria," alisema. Halafu akaangalia mlangoni, kule msichana alikuwa anasubiri. "Tia kitu ndani. Watu wasione."

Sikutia. Nilimwambia mtoto, "Leo hakuna." Alinitazama, akaenda nyuma ya nyumba. Hakulia. Ningependa angelia.

Siku ya pili ikarudi vile vile. Na ya kufuata. Asubuhi moja mama mkwe alinipa kipande cha samaki ndani ya jani, akasema, "Ukitoka mulangoni mwa gereza, ukiwa peke yako, uweke." Alikuwa mama mwema, alitaka kulinda jina la mtoto wake. Niliacha jani juu ya meza. Nilikuwa nimekwisha kuona serikali inavyosema uongo, sikutaka kuusaidia ndani ya nyumba yangu.

Siku ile, tukiwa tunarudi, niliona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Wanawake walikuwa hawacheki tena. Kila mmoja anatembea mbele kidogo peke yake, amefunga kitambaa kwa fundo kali, na hakuna anayefungua. Mimi nikafungua. Nikaondoa kifuniko, nikabeba sufuria wazi kwenye kiuno, kila mpita njia aone chini yake.

Muuza samaki alinifikia mbio. "Funika, mama. Unamutia mume wako haya."

"Mume wangu hakukomba hii."

"Unajuaje?"

"Fungua ya kwako."

Hakutaka. Nilisimama mbele yake mpaka akafungua. Ndani kulikuwa na ndagala wawili, samaki wadogo wakavu, wamelala vizuri.

"Leo ulipika nini?" nilimuuliza.

"Sombe, majani ya muhogo tu."

"Na hawa ndagala wametoka wapi?"

Akakaa chini pale pale kando ya barabara, na nguo yake nzuri, katika matope. "Niliwatia mimi," alisema. "Nilifikiri ni wangu peke yake aliyemkana mutoto."

Tukaita wengine. Wakafungua, mmoja mmoja. Aliyepika maharage alikuwa na kipande cha nyama. Aliyepika samaki mbichi alikuwa na samaki wa moshi. Mwingine alikuwa ametia tonge la bukari baridi la jana yake. Kila mwanamke alikuwa amemficha mwenzake aibu ile ile, siku zile zote, akifikiri sufuria za wengine zinarudi na sehemu ya mtoto. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Na wale askari waliokuwa wanakula ndani ya gereza walikuwa wametoka mbali, kwao chakula kinamalizwa na si kosa. Hawakujua wanatuambia nini.

Hakuna aliyelia. Tuligeuka, hatukwenda nyumbani. Tulipanda kilima.

Mkubwa wa mji alitoka kwenye baraza na kitambaa cha kufutia mikono, tulikuwa tumemkuta mezani. Alitazama sufuria zetu.

"Bamama, kuna nini? Waume zenu wako wazima. Wanakula vizuri. Si mnaona chakula kinakwisha?"

"Ni kwa sababu kinakwisha tumekuja," muuza samaki alijibu.

Akacheka. "Mufungwa ana njaa. Mutu wa njaa anakomba."

Nikasogea mbele. Mimi nilisoma kidogo tu kwa masista, lakini kusema sijawahi kushindwa. "Mukubwa, wakati wa waasi boti hazikuwa zinakuja, tulikula muhogo bila chumvi, na mume wangu aliacha sehemu ya mutoto. Hapa kwenye gereza lako aliacha, mpaka siku ya mvua. Njaa yake haikuanza siku ya mvua. Kitu gani kilianza siku ile?"

Hakucheka tena. Alisema maneno ya usalama wa nchi. Alisema turudi nyumbani.

"Utuonyeshe mumoja," nilisema. "Hatuombi wote. Mumoja tu aje hapa, aseme kwa kinywa chake kwamba ameshiba. Tutakwenda."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Tukakaa chini kwenye majani, sufuria mbele yetu. Watu wa soko waliposikia wakaanza kupanda, wakasimama upande wa pili wa barabara. Askari wakatoka kutuondoa na vitako vya bunduki. Muuza samaki alivunjwa mkono. Mpaka alipokufa haukunyooka. Aliubeba na mkono mwingine na akabaki ameketi. Mbele ya soko lote askari wakaona haya, wakaacha.

Mama mkwe naye alikuwa amepanda, polepole, na fimbo yake. Alifika wakati uleule jipi ya jeshi ilipoleta yule askari kijana wa mlango wa gereza. Sijui walimwitia nini. Yule mama alichukua sufuria yangu yenye uzi mwekundu, akaenda mpaka mbele yake, akamwonyesha chini yake.

"Mutoto wangu," alimwambia, "ni wewe ulikuwa unakula?"

Kijana alitazama sufuria. Alitazama biro, mlango ulikuwa bado umefungwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini tuliokuwa karibu tulisikia wote, na waliosikia waliwaambia wa nyuma.

"Mama, samahani. Wakubwa walisema tupokee, bamama wasifanye makelele. Mimi hapana jua kwenu wanaacha."

"Na wenye chakula?"

"Baba hapana tena. Usiku ya mvua, kamyo ilibeba wote. Ilirudi bila watu."

"Ilirudi kutoka wapi?" niliuliza mimi.

Mlango ukafunguka. Mkubwa akamwita kijana kwa sauti, kijana akaingia, na hatukumwona tena mlangoni pa gereza wala mahali pengine. Nimemwombea mara nyingi. Alikula chakula cha mume wangu, na ni yeye peke yake katika serikali nzima aliyenijibu.

Tulikwenda nyumbani kutayarisha kilio. Kabla hatujatandika mikeka, askari wakapita kambini na tangazo: hakuna kilio. Waume wenu wamehamishwa, hawajafa. Anayelia anasema serikali imeua, na huyo atafungwa. Basi tukawa wajane wasio na ruhusa. Hatukunyoa nywele. Majirani hawakuja kulala kwetu. Mama mkwe alikaa ndani na kinywa kimefungwa, na kabla mvua hazijakwisha akarudi Kirungu, akafa kule.

Lakini hakuna tangazo lililosema mwanamke asiweke sufuria yake chini. Asubuhi, kabla ya kwenda soko, tulipanda kilima, na kila mmoja akaweka sufuria yake wazi kando ya ukuta wa biro, mahali ambapo mkubwa lazima apite. Hatukusema neno. Askari wanazipiga teke, jioni tunazisimamisha. Nyumbani tulipika kwa vyungu vya udongo vya kuazima. Wageni wa mkubwa waliuliza ni sufuria za nini, na watu wa biro walitazama miguu yao. Watu walisema mwishowe mkubwa alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni. Ilikuwa furaha ndogo sana hiyo, lakini niliishika.

Katika mwaka wa sitini na tano akahamishwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aliyekuja nyuma yake alikuwa mtu mpole, alituita ndani, akatupa viti.

"Bamama, muchukue vyombo vyenu. Endeni mukawalilie watu wenu."

"Tuwalilie wapi?" nilimuuliza.

"Mahali munapotaka," alisema.

Mahali tunapotaka. Nilitaka mahali alipo. Nimeuliza kila mkubwa aliyekuja baada ya huyo, mpaka magoti yakakataa kilima. Sikuambiwa.

Tulilia nyumbani, pasipo kaburi, juu ya kofia yake ya kazi. Waliponyoa nywele zangu, binti yangu alikuja akakaa karibu, akatazama nywele zinaanguka. Alikuwa amengoja karibu mwaka mzima kuuliza.

"Mama, Papa alinikasirikia?"

"Kwa nini?"

"Alikomba sufuria."

Nilimvuta, nikamsimamisha mbele yangu ili anione uso. "Papa yako hakukomba. Walikomba wengine."

"Walikula na sehemu yangu?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Na sehemu yako."